SOMO LA USHIRIKA: MGENI NJOO, KIJIJI KIPONE

Habari za wageni wa likizo katika vijiji visivyojulikana sana vya Ulaya, na mafunzo yake kwa vyama vya msingi



Wengi wetu tunapolisikia jina la Ulaya, fikira zetu hukimbilia miji mikubwa: London, Paris, Roma. Watalii wenyewe, kwa miaka mingi, walielekea huko huko, au kwenye fukwe za bahari penye jua. Lakini Ulaya ina vijiji vingi pia, vilivyo milimani, visiwani na kando ya misitu, ambavyo majina yake hayajulikani hata na wenyeji wa nchi hizo hizo. Somo hili linahusu baadhi ya vijiji hivyo, na watu wanaokwenda kuvizuru wakati wa likizo zao.

Huenda mwanachama akauliza: chama cha wakulima kina haja gani ya kujifunza habari za likizo za watu wengine? Haja ipo. Vijiji tutakavyovitaja vilikuwa hatarini kufa. Vijana walihamia mijini kutafuta kazi, shule zikafungwa kwa kukosa watoto, duka la mwisho likafunga milango yake, wakabaki wazee na nyumba tupu. Vijiji vingine vilijaribu kujiokoa kwa kupokea wageni. Baadhi vilifaulu; vingine vilipata wageni wengi mno na bado vikalalamika. Katika kuvichungua tutaona kwamba jambo kubwa ni hili: ni nani mwenye mlango anaouingilia mgeni, na fedha yake huishia mikononi mwa nani.

1. Likizo ya mfanyakazi na nyumba tupu ya mkulima

Tuanze na Ufaransa. Zamani likizo ilikuwa jambo la matajiri. Mwaka 1936 sheria iliwapa wafanyakazi wa Ufaransa haki ya majuma mawili ya likizo yenye malipo kila mwaka; kufikia mwaka 1982 majuma hayo yalikuwa yameongezwa hadi matano. Hivyo familia nyingi za mijini zilipata wakati wa kusafiri, ingawa hazikuwa na uwezo wa kulala hotelini. Wakati huo huo, huko mashambani palikuwa na nyumba za mawe ambazo wenyewe walikuwa wamehama. Mahitaji mawili yakakutana.

Mwaka 1951, katika kitongoji cha Chaudol kilichomo katika milima ya kusini-mashariki ya nchi hiyo, ilifunguliwa nyumba ya kwanza ya wageni wa mashambani, kwa juhudi za seneta Émile Aubert. Mwaka 1955 wenye nyumba za namna hiyo wakaunda shirikisho la taifa, liitwalo Gîtes de France.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleweka. Mkulima huitengeneza nyumba isiyotumika, na familia ya mjini huipanga kwa juma moja au mawili. Wageni hujipikia wenyewe. Asubuhi hununua maziwa na mayai kwa jirani. Mchana hutembea katika njia za wachungaji. Jioni hukaa barazani wakasikiliza kengele za ng'ombe warudio zizini. Shirikisho huikagua nyumba na kuipa alama ya masuke ya ngano, kuanzia suke moja hadi matano, kwa kadiri ya ubora wake. Kwa alama hiyo mtu aliye mbali anajua atakachokikuta kabla hajatoa fedha yake. Makatibu watalitambua jambo hili mara moja, kwa kuwa ndilo tulifanyalo tunapopanga madaraja ya kahawa au pamba. Mnunuzi asiyeliona zao huliamini daraja, na daraja huaminiwa kwa sababu mpimaji ni mwaminifu.

2. Wanawake wa Petra

Sasa tuelekee Ugiriki, katika kisiwa cha Lesvos, karibu na pwani ya Uturuki. Ni kisiwa cha mizeituni. Upande wake wa kaskazini kuna kijiji kiitwacho Petra, maana yake jabali. Na kweli katikati ya kijiji limesimama jabali kubwa, na juu yake kanisa ambalo mtu hulifikia kwa kupanda ngazi 114. Aliyefika juu huiona bahari, mapaa ya vigae na mashamba.

Katika kisiwa hicho, kwa desturi ya zamani, binti alipoolewa alipewa nyumba na wazazi wake. Kwa hiyo wanawake wengi walikuwa na nyumba kwa jina lao, lakini fedha taslimu hawakuwa nayo. Walifanya kazi shambani na nyumbani bila mshahara, na katika vyama vya kilimo mwanachama kwa kawaida alikuwa mume. Mwaka 1983 wanawake wa Petra waliunda chama chao cha ushirika wa utalii wa mashambani, cha kwanza cha aina hiyo katika Ugiriki. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, yaani chumba kimoja au viwili. Chama kikafungua ofisi ya kupokea wageni na mkahawa wa pamoja, ambamo vyakula vya kila siku vya nyumbani, kama majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, vikawa bidhaa ya kuuzwa.

Baada ya Petra wanawake wa sehemu nyingine za Ugiriki walifanya vivyo hivyo, wakiwemo wale wa kisiwa cha Chios na wa kijiji cha mlimani cha Ambelakia. Huko Ambelakia mbegu ya ushirika ilikuwa ya zamani sana: katika karne ya 18 watu wake walikuwa na kampuni ya pamoja ya kutia uzi wa pamba rangi nyekundu na kuuuza hadi Vienna.

Yafaa tuangalie kwamba wanawake wa Petra hawakujenga hoteli. Walianza kwa vitanda vilivyokuwapo, katika nyumba zilizokuwapo. Deni lao lilikuwa dogo, na hasara, kama ingalitokea, isingaliwanyang'anya nyumba zao.

3. Kijiji kilichojifanya chama

Mfano wa tatu unatoka Italia. Katika milima ya Apennini, mkoani Reggio Emilia, kuna kijiji kiitwacho Succiso, kilicho kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake wa kudumu hawafiki 100, na wakati wa baridi theluji huifunika nchi. Duka na mkahawa vilipofungwa, kijiji kilikosa hata mahali pa watu kukutana. Mwaka 1991 kikundi cha wenyeji kiliunda chama cha ushirika kilichoitwa Valle dei Cavalieri, yaani Bonde la Wapanda Farasi, ili huduma zile zifufuliwe na wanakijiji wenyewe.

Chama kikafungua tena mkahawa na duka. Baadaye kikaongeza vyumba vya wageni na chakula, kikafuga kondoo na kutengeneza jibini la maziwa yao. Gari dogo la chama liliwapeleka watoto shuleni na kuwasaidia wazee kupata dawa. Wageni hufika kutembea milimani, katika eneo ambalo tangu mwaka 2001 ni hifadhi ya taifa. Hula jibini lililotengenezwa papo hapo, na huondoka wakiwa wamelifungasha jingine.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Duka la watu wachache namna hii haliwezi kujitegemea kwa biashara yake peke yake, na mfanyabiashara binafsi hulifunga, kama ilivyotokea. Lakini chama kinaweza kuliendesha, kwa sababu mapato yatokayo kwa wageni hulibeba, na wenye chama ndio wanaolihitaji duka. Mgeni wa siku tatu, pasipo kujua, humlipia bibi kizee wa kijiji sukari na mkate karibu na mlango wake.

Sheria ya Italia nayo inafaa kutajwa. Tangu mwaka 1985, na tena katika sheria mpya ya mwaka 2006, mkulima anayepokea wageni kwa jina la utalii wa mashambani ni lazima abaki mkulima. Kazi ya shamba huhesabiwa kuwa ndiyo kuu, na wageni kuwa nyongeza. Hata chakula cha mezani hupaswa kutoka kwa sehemu kubwa katika shamba lake na mashamba ya wilaya yake. Anayeuza malazi tu, akaliacha shamba likaota magugu, huyo ni mwenye hoteli na atafuata sheria za hoteli.

4. Wageni wanapozidi wenyeji

Isidhaniwe kwamba kila kijiji kipatacho wageni hupona. Katika Austria, kando ya ziwa, kuna kijiji kizuri kiitwacho Hallstatt, chenye wakazi wapatao 800. Mwaka 1997 kijiji hicho na nchi inayokizunguka viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Picha zake zikaenea duniani kote, na katika siku za msimu watu hadi 10,000 huweza kufika kwa siku moja. Wengi wao hushuka katika mabasi, hupiga picha, na baada ya saa chache huondoka. Mwaka 2023 wakazi waliandamana, wakidai idadi ya wageni na mabasi ipunguzwe.

Wahenga wetu walitupa methali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili husema, "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe." Methali hizi hazipingani. Mgeni wa saa mbili huacha takataka na kelele. Mgeni akaaye siku kadhaa, akalala kwetu, akala mazao yetu, huyo hata asiposhika jembe amelilipia jembe letu.

5. Hesabu ya shilingi ya mgeni

Tuchukue mfano wa kubuni kwa ajili ya hesabu tu. Mgeni analipa shilingi 100 kwa siku. Ikiwa nyumba ni ya kampuni ya mbali, na chakula kimeletwa kwa lori kutoka mjini, kijiji huenda kikapata shilingi 15, nazo ni mshahara wa mfagizi na mlinzi. Ikiwa nyumba ni ya mwanachama, na mboga, maziwa na nyama vimenunuliwa kwa wanachama, huenda shilingi 80 zikabaki kijijini, na katika hizo shilingi 15 zikaingia katika mfuko wa chama kwa ajili ya matangazo, matengenezo na akiba. Mgeni ni yule yule, na malipo ni yale yale. Kilichobadilika ni umiliki.

Kutokana na mifano hii, chama kinachofikiria kupokea wageni hakina budi kuzingatia mambo yafuatayo:

(a) Kianze na vyumba vilivyopo kabla ya kukopa fedha za kujenga.

(b) Katibu aweke daftari la zamu, lililo wazi kwa kila mwanachama, ili wageni wagawanywe kwa haki. Hakuna liwezalo kuvunja chama cha namna hii upesi kama manung'uniko kwamba wageni wote hupelekwa nyumbani kwa mwenyekiti.

(c) Vyumba vikaguliwe kwa kipimo kimoja, na asiyetimiza asipewe zamu, hata akiwa ndugu wa mkaguzi.

(d) Mkutano mkuu uamue mapema ni wageni wangapi wanaotosha, na ni mahali gani, kama vile makaburi na mahali pa ibada, ambapo hapatembelewi bila ruhusa.

(e) Sehemu ya ziada itengwe kwa huduma ya wote, ili hata mwanachama asiye na chumba cha kupangisha aone faida.

(f) Shamba lisiachwe. Wageni huja na msimu, na vita, maradhi au bei ya nauli huweza kuwazuia. Katika mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga mipaka, mahali pengi palipotegemea watalii peke yao palibaki pakavu. Mwenye kondoo aliendelea kukamua.

Jambo hili si geni kabisa kwetu. Wakulima wa kahawa wa KNCU, Kilimanjaro, wamewahi kuanzisha mradi wa Kahawa Shamba, ambamo wageni hutembezwa katika mashamba ya wanachama, huona jinsi kahawa inavyovunwa na kukaangwa, na hunywa kikombe chake papo hapo. Hapo pia zao ndilo msingi, na mgeni ni nyongeza.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Mgeni akifika leo kijijini kwenu na kukaa siku tatu, atalala wapi, atakula nini, na fedha yake itaingia mikononi mwa nani?

2. Ni vitu gani mlivyonavyo, kama vile chakula, kazi za mikono, njia za mlimani au majengo ya zamani, ambavyo ninyi mmevizoea lakini mgeni angefurahi kuviona?

3. Ni huduma gani kijijini kwenu iliyofungwa kwa kukosa faida, na je, chama kingeweza kuifufua kwa kuibeba na kazi nyingine?

4. Andikeni kanuni tatu za zamu ambazo mwanachama aliye maskini kuliko wote angeziona kuwa za haki.

Makatibu wanaombwa wasome somo hili mkutanoni kwa sauti, kwa ajili ya wanachama wasiosoma, na kuandika majibu ya vikundi katika kumbukumbu za chama.