Pumzi na Mwinuko: Kuelewa, Kupima na Kujenga Ukakamavu wa Mwili katika Nyanda za Chai

Utangulizi

Mwanafunzi atokaye Mombasa au Kilifi akajiunga na Chuo Kikuu cha Kabianga, katika kaunti ya Kericho, hugundua jambo moja hata kabla ya kuizoea baridi: kilima kidogo tu humfanya aheme. Huwatazama wenzake waliozaliwa Litein au Sotik wakipanda huku wakiongea, akajiambia kwamba hao wameumbwa hivyo. Wenyeji nao, kwa kusifiwa mara kwa mara kuwa ni jamii ya wakimbiaji, huziamini sifa hizo, wakakaa miaka minne vitini wakisoma na kunywa chai. Ufikapo mwaka wa mwisho, nao wanahema kwenye kilima kile kile. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba wote wawili wamepotoka, na kwamba kosa lao lina athari: mmoja hajaribu kwa sababu anadhani hawezi, mwingine hajaribu kwa sababu anadhani tayari anacho.

Dhana ya pumzi

Neno pumzi limetumiwa hapa kwa maana ya uwezo wa mwili kuitwaa oksijeni kutoka hewani, kuisafirisha kwa damu na kuitumia misulini kwa muda mrefu. Wanahabari wa michezo hupendelea “stamina”. Sioni sababu ya kuliacha neno letu, ila lina hatari moja. Linamfanya mtu adhani kwamba siri yote imo mapafuni. Kwa mtu mwenye afya, mapafu aghalabu hutosha. Kinachoweka mpaka zaidi ni moyo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zake zote hufikia yapata lita 20, na kwa mkimbiaji mashuhuri kiasi hicho huweza kupita 30. Kikomo cha uwezo huu hupimwa kwa mililita za oksijeni anazotumia mtu kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika moja.

Mwinuko huingia hapa. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ina asilimia 21 ya oksijeni, sawa na ya Mombasa, lakini kanieneo yake ni kama sehemu nne kwa tano ya ile ya pwani. Kila pumzi, basi, inabeba oksijeni pungufu. Mgeni hahemi kwa udhaifu. Anahema kwa sababu hesabu imebadilika.

Kuzaliwa au kuzoea?

Hoja ya kuzaliwa haiwezi kupuuzwa, maana ushahidi wake unaonekana kwa macho. Medali ya kwanza ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki, ya shaba katika mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, ililetwa na Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, ambaye mwaka 1968 aliongeza ya fedha kule Mexico City, mji ulio juu ya mita 2,200. Beatrice Chebet, mzaliwa wa Londiani katika kaunti hiyo hiyo, mwaka 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, kisha akatwaa dhahabu mbili mjini Paris. Mwaka 2025 akawa wa kwanza kukamilisha mita 5,000 chini ya dakika 14.

Hata hivyo, mwaka 2004 watafiti wa Denmark walichapisha vipimo vya wavulana wa Kinandi, majirani wa Kericho, ambao hawakuwa wanariadha. Wale wa kijijini walipata wastani wa takriban 55 kwa kipimo nilichokitaja. Wale wa mjini, takriban 50. Jamii ni moja na nyanda ni zile zile. Kilichotofautiana ni maisha ya kila siku: kijana wa kijijini anachunga ng’ombe, analima na kutembea mwendo mrefu. Ikiwa mji unaweza kumpunguzia mtoto kiasi hicho, bweni la chuo litashindwa kwa nini?

Upimaji

Kipimo kilicho rahisi zaidi kwetu ni kile alichokieleza daktari Mmarekani Kenneth Cooper mwaka 1968. Mtu hukimbia kwa dakika 12, akahesabu mita alizokwenda. Toa 504.9 katika mita hizo, kisha gawanya kwa 44.73. Aliyekwenda mita 2,400 anapata takriban 42. Aliyekwenda 2,250 anapata 39.

Nambari hizo zichukuliwe kuwa za mtu mmoja, msichana wa kubuni kutoka Kilifi: ile ya kwanza aliipata nyumbani Desemba, ya pili akaipata Kericho Januari. Je, pumzi yake imepungua? La hasha. Kanuni ya Cooper haijui mwinuko, na jedwali lolote la “hafifu”, “wastani” na “bora” lililotungwa kwa ajili ya nchi tambarare litamdhulumu. Kwa maoni yangu, majedwali hayo yasibandikwe kabisa katika kumbi zetu za michezo. Mtu ajilinganishe na nafsi yake, mahali pale pale.

Tahadhari mbili zinafaa. Mgeni asubiri wiki mbili au tatu mwili uzoee kabla ya kujipima. Na mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, selimundu au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza, kwa kuwa kipimo hiki humfikisha mtu ukingoni mwa nguvu zake.

Ujenzi wa pumzi

Kosa la wanaoanza ni kukimbia kila siku kwa kasi ya mashindano, wakachoka na kuacha. Siku tatu kati ya nne za mazoezi ziwe za mwendo mwepesi, wa dakika 30 hadi 45, katika barabara za murramu zipitazo kati ya michai. Mwendo mwepesi utajulikanaje pasipo saa ya kupimia mapigo ya moyo? Sisi wa Kiswahili tunacho kipimo chetu, ingawa si cha maabara. Kariri shairi unapokimbia. Ukiweza kuutamka mshororo mzima wa mizani 16 bila kuvuta hewa, mwendo ni mwepesi. Ukilazimika kuvuta hewa mwishoni mwa ukwapi, yaani baada ya mizani 8, umeingia mwendo wa kati. Ukishindwa kuumaliza hata ukwapi, huo ni mwendo mkali, nao una siku yake.

Siku hiyo ni moja kwa juma. Tafuta mteremko, upande kwa dakika 4 kwa nguvu, kisha utembee dakika 3. Rudia mara nne. Kazi kama hii huulazimisha moyo kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, ilhali mwendo mwepesi hustawisha mishipa midogo misulini.

Watu hawafaidiki sawasawa. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliowafunza kwa wiki 20 watu wasiozoea mazoezi, ulionyesha kwamba baadhi waliongezeka sana na wengine karibu wasiongezeke. Hapo ndipo urithi unapokuwa na sauti. Lakini hakuna ajuaye fungu lake kabla ya kujaribu.

Kuna na suala la chai yenyewe. Oksijeni hubebwa na himoglobini, nayo hutengenezwa kwa madini ya chuma. Chai inywewayo pamoja na chakula huzuia madini hayo, hasa yale ya mboga na maharagwe, yasifyonzwe vizuri, na wasichana ndio wanaoyahitaji zaidi. Siwaambii watu wa Kericho waache chai; nani atanisikia? Nasema tu isubiri saa moja baada ya ugali.

Baada ya wiki 8, kipimo kirudiwe katika uwanja ule ule, asubuhi kama mwanzo, kabla mvua ya alasiri haijaanza.