SOMO LA WIKI: Feni ya jikoni hununuliwa kwa vipimo

Tangu barabara ya lami kati ya Dodoma na Babati ilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, mji huo ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara umekuwa njia panda ya magari ya Arusha, Singida na Dodoma. Abiria wanahitaji chakula, na hapo pana nafasi kwa mwenye mtaji mdogo. Hata hivyo, anayefungua mgahawa kwa kawaida hupiga hesabu ya meza, viti na sufuria, na suala la moshi huachiwa dirisha.

Moshi ni gharama. Mteja anayetoka ananuka mafuta hafanyi haraka kurudi. Kibaya zaidi, mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua.

Pima jiko, si chumba

Baadhi ya wauzaji hukadiria feni kwa ukubwa wa chumba. Chumba cha mita 5 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina mita za ujazo 60. Hewa ikibadilishwa mara 30 kwa saa, feni ya mita za ujazo 1,800 itaonekana kutosha. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba haiulizi kinachopikwa.

Njia bora ni kuanzia kwenye kofia ya bati inayoning'inizwa juu ya majiko. Majiko ya gesi na karai la chipsi vikichukua mita 1.6 kwa 0.8, kofia izidi sentimita 20 kila upande, yaani iwe mita 2 kwa 1.2. Eneo lake ni mita za mraba 2.4. Kwa mapishi ya kawaida, hewa ipande kwa kasi ya mita 0.35 kwa sekunde. Kwa mkaa wa nyama choma, mita 0.5. Zidisha eneo kwa kasi, kisha kwa sekunde 3,600. Jibu ni mita za ujazo 3,024 kwa saa kwa gesi, na 4,320 kwa mkaa.

Kwa hiyo feni ya 1,800 ingeacha moshi mwingi ndani. Aidha, mwenye kuchoma nyama akiweka jiko la mkaa nje, chini ya banda lililo wazi, anaokoa gharama ya feni kubwa.

Bomba na hewa mbadala

Hewa ndani ya bomba iende takriban mita 8 kwa sekunde. Kwa mfano huu wa gesi, bomba liwe na kipenyo cha sentimita 37 hivi. Fundi akiweka la sentimita 25 ili kubana bati, kasi hupanda hadi mita 17, feni hulemewa na kelele huzidi. Kona ziwe chache.

Hewa inayotolewa lazima iingie nyingine. Acha matundu ya kuingizia hewa yasiyopungua mita ya mraba 0.84, mbali na mdomo wa bomba. Yakikosekana, feni itavuta moshi wa majiko mengine urudi ndani.

Maswali ya dukani

Namba ya kwenye lebo mara nyingi hupimwa feni ikiwa haina bomba wala chujio. Muulize muuzaji feni inatoa hewa kiasi gani inapokabiliwa na ukinzani, kwa mfano wa paskali 150. Lebo ikiandikwa CFM, zidisha kwa 1.7 kupata mita za ujazo kwa saa.

Mwisho ni umeme. Feni inayotumia kilowati 0.37 kwa saa 12 hula yuniti 4.44 kwa siku, karibu 133 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa TANESCO, ongeza sabuni ya kuosha chujio la mafuta kila wiki, kwani mafuta yakiganda ndani ya bomba hushika moto. Jumla hiyo iingie kwenye bei ya sahani kabla mlango haujafunguliwa.