SOMO: Kuichunguza Baruapepe Kabla ya Kuijibu



Hivi karibuni nilipokea baruapepe iliyojiita ya ofisi ya pensheni. Ilinitaka nihakiki taarifa zangu katika muda wa saa 24, la sivyo malipo yangu yangesimamishwa. Sisi wastaafu uhakiki tumeuzoea, kwa hiyo nilifungua fomu, nikaandika jina langu na namba ya kitambulisho cha taifa. Nilipoulizwa neno la siri la baruapepe yangu, na namba ya siri ya benki, ndipo mkono ukasita. Ofisi ya pensheni ina haja gani nazo?

Nikairudia anwani ya mtumaji, jambo lililonipasa kulifanya kwanza. Jina linaloonekana juu si kitu. Kila mtu aweza kujiandikia jina apendalo. Tazameni maneno yaliyo baada ya alama ya @, tena mwanzie mwisho. Ofisi za serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na go.tz. Katika ile yangu go.tz ilikuwapo, lakini katikati. Mwisho kabisa paliandikwa com. Hata hivyo, anwani iliyo sahihi nayo huweza kughushiwa. Basi msibonyeze kiungo kilichomo, wala msipige namba iliyoandikwa humo. Nendeni ofisini wenyewe, au pigeni namba iliyo katika hati mlizopewa na ofisi hiyo.

Zamani nilizoea kusema kwamba barua ya mlaghai hujulikana kwa Kiswahili chake kibovu. Siku hizi kompyuta huwaandikia Kiswahili safi, na kalamu yangu nyekundu haina kazi.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, namba ya kitambulisho peke yake ina madhara gani? Ihesabuni. Ina tarakimu 20, na zile 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwenye kuipata aweza kuwapigia simu akazitaja, nanyi mkadhani anazungumza kutoka ofisini.

Aliyekwisha kutoa neno lake la siri alibadilishe siku hiyo hiyo, kila mahali alipolitumia, akaijulishe na benki yake. Mimi sikuwa nimebonyeza kitufe cha kutuma, lakini fomu nyingine hunasa maandishi yanapoandikwa tu. Namba yangu huenda wanayo, nami siwezi kuibadilisha kama neno la siri. Tangu siku ile, anayenipigia simu na kunitajia tarehe yangu ya kuzaliwa namwambia kwamba nitafika ofisini mwenyewe.