Kengele Inalia, Nani Anakuja? Mafunzo Niliyopata Nikimtafutia Shangazi Nyumba ya Uuguzi

Shangazi yangu alipopata kiharusi, hospitali ilimtuliza, kisha akaja dada mmoja wa ustawi wa jamii na orodha ya nyumba za uuguzi na mazoezi ya viungo zilizo karibu na Lowell, jimbo la Massachusetts. Akatuomba tuchague tatu kabla ya kesho mchana. Sisi Waswahili wa huku tunazijua nyumba hizi kwa mlango wa nyuma. Wengi wetu tumebeba boksi humo: kuogesha wazee, kuwalisha, kuwageuza usiku. Mimi mwenyewe nilikuwa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kabla sijahamia kazi nyingine. Ila kuingia kwa mlango wa mbele, ukiwa ndugu wa mgonjwa, ni habari nyingine.

1. Anza na karatasi za hospitali

Kabla ya kuhangaika na majina ya nyumba, uliza swali moja: mgonjwa wetu amelazwa rasmi, au yuko kwenye uangalizi tu? Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, hulipia nyumba ya uuguzi pale mgonjwa anapokuwa amelazwa siku 3 mfululizo, bila kuhesabu siku ya kuruhusiwa. Mtu anaweza kulala kitandani, kuvalishwa gauni na kutundikiwa dripu, na bado kwenye kompyuta akawa mgonjwa wa kuangaliwa. Siku hizo hazihesabiwi, na bili inakuja nyumbani.

Utasikia watu wakisema, "Ana siku mia." Siku 20 za kwanza hulipwa zote, kuanzia ya 21 hadi ya 100 mgonjwa anachangia kila siku, na baada ya hapo Medicare inanawa mikono. Hiyo 100 ni ukomo. Wengi hukatwa mapema zaidi, na hilo nitalirudia.

2. Nyota ni za kusoma kipande kwa kipande

Tangu 2008 serikali ya Marekani huzipa nyumba hizi nyota moja hadi tano, na mtu yeyote anaweza kuziona kwenye tovuti ya Medicare. Binamu yangu alitaka tuchukue yenye tano tumalize. Nikamwambia tufungue ndani. Jumla ile inatokana na mambo matatu: ukaguzi, idadi ya watumishi, na vipimo vya ubora kama vile wangapi wameanguka au wamepata vidonda vya kulalia. Sehemu kubwa ya hivyo vipimo huandikwa na nyumba yenyewe. Nimewahi kukaa kwenye meza ambako takwimu hizo hujazwa, kwa hiyo sitasema zaidi.

Nyota za ukaguzi nazo hugawanywa kwa mashindano ndani ya jimbo: asilimia 10 ya juu hupata tano, asilimia 20 ya chini hupata moja. Jimbo likiwa na nyumba mbovu tupu, bado kuna watakaopata tano.

Kipande ninachokiamini kuliko vyote ni cha watumishi, kwa kuwa tangu 2018 kinatokana na orodha za mishahara. Zamani nyumba zilijitajia zenyewe. Siku hizi unaweza kuona hata saa za kazi za Jumamosi na Jumapili, na asilimia ya wafanyakazi walioacha kazi ndani ya mwaka. Hapo ndipo nyumba yetu yenye nyota tano ilipoanza kuchuja.

3. Omba faili la ukaguzi, na tazama wanavyokutazama

Sheria inataka ripoti ya ukaguzi wa karibuni iwekwe mahali ambapo mgeni anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Nyumba moja ililiweka faili rafuni, mlangoni kabisa, kurasa zimechakaa kwa kufunuliwa. Nyingine, binti wa mapokezi aliniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari.

Kila kosa hupewa herufi, A hadi L. Usishtuke ukiona D. Karibu kila nyumba inazo. Kuanzia G kuna mtu aliyeumia kweli, na J, K, L maana yake maisha ya watu yalikuwa hatarini. Lakini mimi nilitafuta zaidi kosa linalojirudia. Nyumba iliyoandikwa mwaka huu kwa vidonda, na mwaka uliopita kwa vidonda, imeshakubali kuishi navyo.

Wakaguzi huja bila taarifa, ila lazima waje kabla miezi 15 haijatimia, na wafanyakazi wanajua kuhesabu. Nakumbuka majuma yale: kuta zinapakwa rangi, mameneja wanaonekana wakigawa chakula kwa mikono yao. Ukizuru katika majuma hayo utaona nyumba nzuri sana.

4. Nenda Jumamosi jioni

Ziara ya Jumanne saa nne asubuhi ni ya maua na zulia. Nilikwenda Jumamosi baada ya chakula cha jioni, wakati ambao wazee wote wanataka kulala kwa pamoja, nikaomba kukaa kwenye korido.

Juu ya kila mlango kuna taa. Mgonjwa akibonyeza kengele, taa inawaka. Ikiwaka, angalia saa yako. Katika nyumba ya kwanza taa ilikaa mpaka mama aliyekuwa ndani akaacha kubonyeza, akaanza kuita kwa sauti. Hakuna aliyekuwa mkaidi. Nilimwona msaidizi mmoja tu, anatoka chumba hiki anaingia kile, jasho linamtoka. Katika nyumba ya pili fundi wa usafi aliacha mopu yake, akachungulia, akasema, "Namwita muuguzi," na kweli akaenda kumwita.

Watu hukushauri unuse harufu. Harufu ya mkojo ukipita mara moja haikuambii kitu, huenda mzee amejikojolea dakika hiyo hiyo. Pita tena pale pale baada ya nusu saa. Kama bado ipo, hapo sasa una habari.

Kisha nilitazama yale ambayo CNA huyaacha akizidiwa, kwa kuwa najua niliyaacha yapi. Kuogesha kunaandikwa kwenye kompyuta, kwa hiyo kutafanyika. Kupiga mswaki, kumtembeza mzee hatua kumi hadi dirishani, kumpa maji, kumgeuza ubavu wa pili, hayo husubiri. Nilichungulia midomo iliyokauka. Nilitazama bilauri ya maji imewekwa upande gani wa kitanda, maana mtu aliyepooza kushoto akiwekewa maji kushoto ni sawa na kunyimwa.

Mwaka 2024 serikali kuu ilipitisha kiwango cha saa 3.48 za watumishi kwa kila mgonjwa kwa siku, kati ya hizo saa 2.45 za wasaidizi wa wauguzi. Wenye nyumba wakaenda mahakamani, na Aprili 2025 jaji wa Texas akakifuta. Massachusetts ina kiwango chake, saa 3.58. Chukua namba ya nyumba yako kwenye tovuti, ilinganishe na hizo, halafu nenda Jumamosi ukaone inafananaje ikitembea.

5. Waulize wanaogusa wagonjwa, kwa Kiswahili ikibidi

Eneo hili lina Wakenya wengi kwenye kazi hizi. Kwenye nyumba ya pili nilimsikia dada mmoja akimwambia mwenzake, "Shika huko, tuinue pamoja." Alipotoka nikamsalimu.

"Pole na kazi, dada. Usiku huwa mko wangapi?"

Akacheka. "Unamleta nani?"

"Shangazi yangu. Kiharusi."

"Usiku tuko watatu upande huu. Mmoja akikosa kuja, tuko wawili na wa ejensi. Lakini mimi niko hapa mwaka wa sita, na yule mwenzangu wa nne. Mlete."

Huo mwaka wa sita ulinishawishi kuliko nyota zote. Nitasema kwa nini. Kiharusi cha shangazi kilimwondolea nguvu za kushoto, na pia akawa haoni kilichopo kushoto. Macho ni mazima, ila ubongo umeusahau upande ule. Tulipomleta hapo, alikuwa anakula nusu ya sahani, anaisukuma, anasema nimeshiba. Wasaidizi wa ejensi, ambao leo wako hapa na kesho pengine, waliandika kwamba hana hamu ya kula. Yule dada alifika, akatazama mstari ulionyooka katikati ya wali, akaizungusha sahani. Shangazi akaendelea kula.

Hakuna kipimo cha serikali kinachohesabu sahani zilizozungushwa. Kinachohesabika ni wafanyakazi wangapi wamebaki, na wanaobaki ndio wanaojua.

6. Mazoezi ya viungo hupimwa nje ya chumba cha mazoezi

Nyumba zote zitakuonyesha ngazi za mbao, vyuma vya kushikilia na baiskeli. Uliza lengo la mgonjwa ni nini, na nani amelichagua. Shangazi ni mtu wa Tanga, na alipoulizwa alijibu kwamba anataka kuchukua udhu mwenyewe. Mtaalamu, kijana wa Kimarekani asiyejua udhu ni nini, akaomba aonyeshwe kila hatua, akayafanya hayo ndiyo mazoezi: kusimama mbele ya sinki bila kuyumba, kufungua bomba kwa mkono wa kulia, kisha kuupitisha mkono huo huo chini ya maji hadi kiwikoni kwa kuwa wa kushoto hauwezi kuuosha. Miguu walianza kwa kukaa kitini, na bomba la kuogea.

Shida ilikuwa kwingine. Chini kwenye mazoezi anasimama. Akirudi juu wodini anainuliwa na kupakizwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu ndiyo haraka. Tuliomba maelekezo ya mtaalamu yabandikwe ukutani kando ya kitanda, kwa maneno machache: anaweza kusimama, mshike mkanda, mpe muda. Mambo yakabadilika.

Fahamu pia fedha zinavyokwenda. Hadi 2019 Medicare ililipa kwa kuangalia dakika za mazoezi, na nyumba zikajaza dakika. Tangu Oktoba mwaka huo malipo hufuata hali ya mgonjwa, na dakika zimegeuka gharama. Basi uliza: anafanya peke yake na mtaalamu, au kwenye kundi?

Siku moja tulipewa karatasi kwamba malipo yanakoma kwa kuwa shangazi "haendelei tena mbele". Tangu makubaliano ya kesi ya mahakamani ya Jimmo dhidi ya waziri wa afya, 2013, hiyo peke yake si sababu halali. Mgonjwa anayehitaji utaalamu ili asirudi nyuma naye anastahili. Karatasi hiyo hutolewa angalau siku mbili kabla, na simu ya rufaa lazima ipigwe kabla ya saa sita mchana wa siku inayotangulia mwisho wa malipo. Tulipiga. Akaongezewa muda.

7. Kagua ngozi

Omba uwepo anapoogeshwa. Tazama visigino, nyonga, na pale mwisho wa uti wa mgongo. Watumishi wengi hufundishwa kutafuta wekundu, na kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta sehemu iliyokolea weusi zaidi au yenye rangi ya zambarau, iguse: ina joto kuliko pembeni? Imekuwa ngumu? Sema siku hiyo hiyo.

8. Lalamika kwa karatasi

Wazee wetu wanaogopa. Shangazi alinishika mkono: "Mwanangu, usiseme, watanilipizia ukiondoka." Namwelewa, lakini sheria ya nyumba za uuguzi ya 1987 inampa mgonjwa haki ya kulalamika bila kulipiziwa. Ipo mikutano ya mpango wa huduma ambayo ndugu anaweza kualikwa; mgonjwa akikubali, nenda, na uandike nani ameahidi nini na lini. Uliza kila dawa mpya, hasa ya kumtuliza au kumlaza usingizi: ilianza lini, kwa ugonjwa gani, na nani aliridhia.

Wakikuzungusha, kila jimbo lina mtetezi wa wakaazi wa nyumba hizi, na huduma yake ni bure. Namba yake lazima ibandikwe ukutani. Ipige picha siku ya kwanza, wakati bado huna ugomvi na mtu.