Vyeti nasoma mwisho: ninavyomwajiri mtengeneza mifumo

Nikitangaza nafasi ya mtengeneza mifumo asubuhi, kufika saa nne simu imeshajaa PDF. Shahada, stashahada, na nyuma yake msururu wa vyeti vya mtandaoni vyenye mihuri ya dhahabu. Ofisi yetu ndogo iko Kiboriloni, Moshi, kwenye barabara iendayo Himo, na wateja wetu ni wauza mitumba wa sokoni, maduka ya kina Mangi na kampuni chache zinazopandisha wageni mlimani. Wenzangu wenye biashara huniuliza kama vyeti hivyo vina maana yoyote. Vinayo, ila mimi navisoma mwisho.

Kwanza nitenganishe, maana vyote vinaitwa cheti lakini havilingani. Cha chuo kinachotambuliwa na NACTVET au TCU kinaniambia huyu alikaa darasani miaka kadhaa bila kukimbia. Cha kampuni, mfano CCNA ya Cisco au vile vya AWS, kinatokana na mtihani wenye msimamizi na kinaisha muda baada ya miaka mitatu. Kisha kuna cheti cha kumaliza kutazama video. Hicho nakipongeza na kukipita.

Kama natafuta mtu wa kufunga mtandao wa ofisi au kulinda seva, CCNA inanipunguzia maswali mengi. Kwenye kuandika programu ndipo hakuna mtihani ambao dunia imeukubali. Marekani walijaribu: mwaka 2013 bodi ya mitihani ya wahandisi, NCEES, ilianzisha mtihani wa leseni kwa wahandisi wa programu. Ulipofutwa 2019, waliokuwa wameufanya kwa miaka yote hiyo ni watu 81, katika nchi yenye waandika programu zaidi ya milioni. Hapa kwetu mhandisi wa majengo ana bodi yake ya usajili, ERB, na mhasibu ana yake, NBAA. Tume ya TEHAMA nayo inasajili wataalamu wa fani yetu, lakini sijasikia mwenye duka Kiboriloni akimdai kijana wa IT namba ya usajili.

Hofu yetu ya vyeti naielewa. Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na hadi leo mwajiri hata wa watu wawili anataka kwanza aone karatasi halisi. Tatizo ni kwamba karatasi inaweza kuwa halisi kabisa na mwenye nayo asijue kazi. Waongoza wageni wetu wana leseni, lakini wengi wao walianza kama wagumu, wakibeba mizigo ya watu mpaka wakaijua njia kwa miguu. Nami namtafuta aliyekwisha kubeba.

Kwa hiyo mwombaji namleta sokoni. Namlipa siku hiyo pamoja na nauli. Kumfanyisha mtu kazi ya majaribio bure ni dhuluma, hata ukiiita usaili. Tunakwenda kwenye kizimba cha mama mmoja anayeuza majaketi na masweta. Robota linafunguliwa asubuhi, watu wanalivamia, jaketi zuri linaondoka kwa 15,000. Mchana lililofanana nalo linauzwa 8,000. Jioni yaliyobaki yanamwagwa kwenye turubai, chagua yoyote buku mbili. Katikati ya hayo kuna vijana waliochukua mali kauli, watarudisha hela wakishauza. Namwambia mwombaji: mama anataka kujua robota hili limemrudishia shilingi ngapi. Mtengenezee.

Wengi wanafungua laptopu papo hapo na kuchora jedwali: jina la bidhaa, bei, idadi. Bei moja! Ninayemtaka anaacha laptopu ndani ya begi. Anaamkia, “Shikamoo mama,” halafu anauliza, “Hili jaketi saa kumi utaliuza bei gani?” Mama anacheka: “Mwanangu, saa kumi naangalia mawingu kwanza.” Hapo kijana anajua kwamba cha kuhesabu ni robota na kila mauzo yake, na mali kauli inahitaji mahali pake. Waliowahi kunifikisha hapo, wengine wana shahada, mwingine alijifunzia mwenyewe kwa kompyuta ya kuazima.

Swali la pili nauliza tukirudi ofisini. Mteja amelipa kwa Lipa Namba, mtandao ukakatika, taarifa ya muamala ikaingia mara mbili. Mfumo wako unafanyaje? Aliyewahi kuungua anajibu kabla sijamaliza: natunza namba ya muamala, ikija tena naikataa. Ambaye hajawahi anaanza kunielezea lugha ya programu anayoipenda. Baada ya hapo nampa programu ya mtu mwingine yenye kasoro, nakaa pembeni namwangalia anavyoitafuta, na jioni nampigia mteja wake wa zamani.

Ndipo nafungua PDF. Namba ya uthibitisho naiandika mwenyewe kwenye tovuti ya mtoaji, sibonyezi kiungo kilichomo kwenye faili, maana kiungo kinaweza kukupeleka kwenye ukurasa alioutengeneza mwombaji. Nachagua mada moja ya mtihani huo, namwomba anifundishe kama mtu asiyejua. Asipokuwa na cheti, simhukumu haraka: ada ya mtihani wa CCNA ni dola 300, na kwa kijana anayetoka kwenye kihamba chenye migomba na kahawa kidogo, pengo hilo linanieleza zaidi kuhusu mfuko wake.

Ziko kazi ambazo silegezi. Tukiomba zabuni ya serikali kupitia mfumo wa NeST na nyaraka zikataja sifa za wataalamu, hadithi ya mama wa majaketi haitanisaidia. Na anayeshika taarifa za wagonjwa, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, namtaka awe na cheti cha usalama na mtu wa kumdhamini.

Tukikubaliana, anaanza na miezi mitatu ya majaribio, na kila anachoandika kinakaa kwenye akaunti ya ofisi tangu siku ya kwanza. Kazi ikidai cheti, ada tunalipa sisi. Akifeli, mtihani wa marudio anajilipia.