Kidonge cha Moyo Hakikatwi Ghafla

Baba akipanda kilima kwenda sokoni husimama katikati, mkono kifuani, kama aliyetwishwa gunia. Akipumzika kidogo, linamwachia. Hiyo ndiyo anjaina: mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba, na moyo ukikimbizwa hudai damu isiyofika.

Atenololi, bisoprololi, metoprololi na propranololi ni ndugu wa kundi moja, beta bloka. Hazizibui mishipa. Huupunguzia moyo kasi na nguvu ya kudunda, ili damu inayofika itoshe. Mara nyingi daktari hulenga mapigo 55 hadi 60 kwa dakika mgonjwa akiwa ametulia. Yahesabuni nyumbani: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, dakika nzima. Yakishuka chini ya 50, au akiona kizunguzungu, arudi kliniki.

Tatizo kubwa ni kukatisha. Maumivu yametoweka miezi kadhaa, Baba anasema amepona. Au ameondoka mbio kwenda msibani, vidonge vimebaki kabatini. Moyo uliozoea breki, ikiachiwa ghafla, hukimbia kuliko mwanzo; maumivu hurudi kwa kishindo, na wengine hupata shambulio la moyo. Dawa ikilazimu kuachwa, daktari huipunguza polepole, kwa wiki moja au mbili. Kwa hiyo vikibaki vidonge vya siku saba, mtu aende duka la dawa. Akisahau dozi, asimeze mbili pamoja.

Dawa hizi huweza kuleta mikono baridi, uchovu, ndoto za ajabu, na kwa baadhi ya wanaume kupungukiwa nguvu za kiume. Hili la mwisho wengi huona haya kulitaja, wakaacha dawa kimyakimya. Daktari amelisikia mara nyingi. Aambiwe, dawa nyingine zipo. Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari ikishuka huenda asisikie moyo kwenda mbio wala kutetemeka. Jasho ndilo litakalomshtua.

Kidonge hiki hakitulizi maumivu yaliyokwisha kuanza. Kwa hayo kuna dawa ya kuweka chini ya ulimi, kama ameandikiwa; akae kwanza, maana huweza kumwangusha. Dakika 5 zikipita bila nafuu, tafuteni gari papo hapo, hata kama ni usiku, na mfuko wa dawa zake uende naye.