Mafunzo Manne Kutoka Tumboni mwa Bastola ya Baruti

Nililelewa Tanga, lakini bastola za baruti nyeusi nimezijulia Ohio, ninakolenga shabaha mwaka wa 22 sasa. Ni nakala za Colt na Remington za karne ya 19, zilizoundwa Gardone Val Trompia, Italia. Najua unataka kumaliza mashindano ya siku nzima bila silinda kugoma. Mimi ilinichukua miaka, na karibu kila mara aliyeniangusha alikuwa mafuta.

1. Oili ya injini haipatani na baruti

Nakala yangu ya kwanza ilikuwa Colt Navy ya 1851. Niliimiminia oili ya gari mpaka ikachuruzika. Kabla ya saa sita nyundo ilikuwa nzito kama ya saa mbovu. Jioni nilipoifungua nikakuta lami: nyeusi, yenye kunata, imekiziba kijia cha kile kidole cha chuma kinachosukuma silinda.

Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hutoka kama moshi au hubaki kama masizi, na masizi hayo huingia ndani kupitia ufa wa nyundo. Yakikutana na oili ile, ndiyo lami niliyoiona. Siku hizi natumia nta ya nyuki na shahamu ya kondoo, nikilainisha kwa mafuta kidogo ya zeituni. Shahamu iwe haina chumvi kabisa, maana chumvi italeta kutu.

2. Mafuta ya nazi yana msimu wake

Baada ya oili kunishinda, nikarudi kwenye mafuta ya kwetu. Mama alipaka mafuta ya nazi kwenye nywele zetu na kwenye bawaba za mlango, na yote yalitii. Agosti nikapaka kila kiungo cha ndani. Bastola ikaenda kama imelowekwa kwenye maji. Nikawasifia wenzangu dawa yangu.

Januari tukakutana uwanjani, theluji ikiwa kifundoni. Nikavuta nyundo, ikaja polepole. Silinda ikazunguka na kupitiliza, kwa sababu lile komeo dogo la chini halikuruka kuikamata. Silinda isipokaa sawa na mtutu, risasi hukwangua ukingo, na vipande vya risasi huweza kumrukia hata aliye kando yako. Nilielekeza mtutu kwenye shabaha, nikashusha nyundo taratibu, nikamwita msimamizi.

Nyumbani nilipofungua, nilikuta komeo na springi yake vimezama kwenye kitu cheupe, kigumu, kinachonukia jikoni kwa mama. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Nilikuwa nimeyaona yakiganda chupani asubuhi za Julai kule Lushoto, na sikuwahi kuuliza yatafanya nini ndani ya chuma. Tangu siku ile, mafuta yoyote mapya nayalaza kwenye friji kwanza, kwenye kijiko.

3. Maji ni rafiki

Friendship, Indiana, kwenye mashindano ya bunduki za kale, nilimwona mzee mmoja akivua mbao za mpini, kisha akaitumbukiza bastola nzima kwenye ndoo ya maji ya moto yenye sabuni. Nilishtuka. Akanieleza kwamba masizi ya baruti yamejaa chumvichumvi: huvuta unyevu wa hewa na kuleta kutu, lakini huyeyuka majini. Sasa nafanya hivyo jioni ileile, baada ya kuhakikisha kila chumba ni kitupu. Naisuuza, naikausha kwenye oveni ya nyuzi 90, kisha napaka mafuta chuma kikiwa bado vuguvugu.

4. Grisi ni ukuta pia

Zamani nilidhani mafuta ni ya kulainisha tu. Lakini tabaka nene la mchanganyiko wangu, likijazwa kuzunguka kidole na komeo, huzuia masizi na vile vipande vya fataki vinavyodondoka mbele ya nyundo. Colt ina mhimili mnene ambao silinda huuzunguka, wenye mifereji ya kushika grisi. Wa Remington ni mwembamba na laini, hivyo hukauka mapema. Mimi huuchomoa kila baada ya silinda tatu, nikaufuta kwa kitambaa chenye maji na kuupaka upya.